Viti Vyekundu vya Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuitia mafuta mashine ambayo sikuruhusiwa kuikalia. Ilikuwa mashine kubwa ya kushona ngozi, nyeusi, na nzito hivi kwamba wanaume walioihamisha siku moja kutoka ukuta huu kwenda ule walipumzika njiani kama watu waliobeba jeneza. Mwenye mashine alikuwa fundi wa viti vya gari, mzee aliyejifunza kazi katika karakana ya reli wakati wa Wabelgiji, akishona viti vya mabehewa ya daraja la kwanza. Mji wetu wote wa Kalemie, kando ya ziwa, ulimwita Papa Fundi.

Alikuwa rafiki ya baba yangu. Baba alipokufa, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kulia, Papa Fundi ndiye aliyekuja nyumbani akaniambia niache kuhangaika na minerval, karo ya shule, yangu mwenyewe. Nije kwake nishone, wadogo zangu wasome. Nilikuwa msichana wa sekondari, mwaka wa pili. Nilikunja sare yangu nikaiweka chini ya kitanda mpaka mdogo wangu wa kike alipokua kiasi cha kuivaa. Sikuitazama tena mpaka siku ile nilipoiona inatoka mlangoni ikiwa na mtu mwingine ndani.

Atelie yetu, karakana ya kushonea, ilikuwa kwenye barabara ya kutoka stesheni kwenda bandarini. Kwenye mashine ndogo ya kanyagio nilishona matandiko ya pikipiki, viti vya baa, magodoro ya hospitali, na mapazia ya mabasi yaliyokuwa hayana vioo. Nilishona skayi, ile ngozi ya plastiki, mpaka vidole vyangu vikawa vinajua ubaridi na joto lake. Lakini ngozi yenyewe ilikuwa ya Papa Fundi peke yake.

“Mashine ya ngozi iko na muntu wake,” alikuwa akisema. “Ukiachia kila mguu ukanyage, inakosa kujua inasikiliza nani.”

Mafundi wote walioshona katika karakana ya reli waliamini hivyo. Aliyekuwa na mashine aliikalia mpaka anaondoka, na siku anaondoka alimketisha mwingine mbele ya watu, na mambo yakaisha. Kwa hiyo sikulalamika. Nilitia mafuta, nikafuta vumbi, nikaifunika kitambaa jioni. Mimi ni mtu wa kungoja. Nilijua macho ya Papa Fundi yanaingiwa na ukungu, na nilijua hapakuwa na mwingine.

Ndipo likaja gari lile.

Lilikuwa gari dogo la viti viwili, la kukimbia, la chini mno, kiasi kwamba kuingia ndani ilikuwa kama kukaa kwenye mkeka. Mzungu mmoja wa kiwanda cha nguo alikuwa nalo zamani, akaliacha kwenye hangari alipoondoka. Baada ya miaka ya popo na panya lilimfikia mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye depo kubwa ya ndagala, ghala la dagaa wakavu, karibu na bandari. Wakati ule hakuna aliyesema bwana. Mwanaume mwenye abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, na tumbo alikuwa Sitwayeni, yaani raia, na huyu alikuwa navyo vyote. Injini ilikuwa imetengenezwa tayari. Alikuja akilisukuma mwenyewe mita za mwisho, kwa sababu lilizimika mbele ya mlango wetu, na watoto wa shule wakamsaidia huku wakicheka.

“Papa Fundi,” alisema, “naoa. Bibi anatoka Kinshasa na ndege. Nataka akae ndani ya gari hii aone Kalemie si porini.”

Tulifungua mlango. Ngozi nyekundu ya viti ilikuwa imepasuka kama matope ya jua. Mbao za ndani za milango zilikuwa zimevimba na kuoza, zuria limekuwa uji, na hema la juu lina matundu ya kupitisha ngumi. Papa Fundi alipapasa kila kitu kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemtambua ndugu gizani. Halafu akasimama akatuambia, mimi na Sitwayeni na mafundi wa baiskeli wa jirani waliokuja kuchungulia:

“Hii njo ya mwisho kwangu. Narudi kwetu Moba. Mwenye atashona viti vya gari hii, mashine ni yake.”

Mafundi wa baiskeli walinigeukia mimi. Mmoja akasema, “Mama, utatukaribisha soda.” Usiku ule nilipowagawia wadogo zangu chakula sikujua ninagawa nini.

Ngozi ilitoka Moba, ya ng'ombe wa kule milimani, ikaja kwa boti. Ilifika kabla mvua hazijaisha, na atelie yetu ilikuwa inavuja, kwa hiyo Sitwayeni akasema itunzwe kwenye depo yake, pakavu, mpaka tutakapokuwa tayari. Ilikuwa akili nzuri. Kila mtu alisema ni akili nzuri.

Wakati huo mdogo wangu wa kiume, anayenifuata mimi, alikuwa nyumbani. Alikuwa amemaliza sekondari, anangoja kuitwa kazini, na kungoja kwake hakukufanana na kwangu: alingoja akipiga miluzi. Mchana aliniletea chakula kazini, bukari, ugali wetu, na mboga ndani ya sahani iliyofungwa kitambaa, kisha anakaa kwenye kizingiti akiongea na wapita njia mpaka nimalize kula. Siku moja watoto wa mtaani walimletea mpira uliopasuka. Alichukua vipande vya ngozi ya zamani ya viti vile, akaomba sindano ya mkono, akashona huku anawasimulia mechi. Hakuchora. Hakupima. Papa Fundi alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akauchukua mpira, akauzungusha kwenye vidole vyake, akausogeza karibu kabisa na jicho lake zuri.

“Nani alikufundisha kona hii?”

“Hakuna muntu, Papa. Nimeona inataka kuenda huko.”

Papa Fundi aliweka kikombe chini. Najua sauti ya kikombe kile mpaka leo.

Asubuhi ngozi ilipoletwa kutoka depo, nilikuwa nimevaa kitenge safi na kufunga kichwa vizuri. Mashine nilikwisha kuitia mafuta. Papa Fundi akavuta kigoda cha mbele ya mashine, akakipangusa kwa kiganja, na akamwita mdogo wangu.

“Yeye?” nilisema. Neno lilinitoka tu.

“Tuone,” alisema Papa Fundi. “Wewe mama, chukua milango na moketi na hema. Ile kazi nayo inataka muntu wa roho ngumu.”

Mdogo wangu alinitazama. “Yaya,” aliniuliza, maana ndivyo dada mkubwa anavyoitwa kwetu, “hakuna shida?”

Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kumtii mkubwa anapoita. Nikamwambia akae.

Viti vya gari lile havikuwa vya kufunika tu kama godoro. Vilikuwa na mifereji: mistari ya kusimama, kila mmoja umejazwa pamba, na mifereji ya mgongo ilitakiwa kukutana na mifereji ya makalio kama vidole vya mikono miwili. Pembeni kote kulizunguka paspoli, kamba nyembamba iliyovikwa ngozi, ambayo kwenye kona hupenda kujikunja na kuaibisha fundi. Na ngozi haisamehe. Kitambaa ukikosea unafumua, unashona tena. Ngozi tundu la sindano likiingia limeingia, linabaki hapo milele likikusema.

Yeye hakukosea. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu. Nilikaa nikingoja kosa, si kubwa, mshono mmoja tu wa kuyumba, ili Papa Fundi aseme basi inuka, na halikuja. Aliloweka ngozi kidogo kwa kitambaa chenye maji, akaivuta kwenye kona kwa dole gumba, nayo ikakubali. Aliimba. Mashine ile niliyoitunza kama mgonjwa ililia chini ya mguu wake sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia hata kwa mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari nikibandika moketi, zuria la sakafuni. Ilitoka kwenye ngazi za hoteli ya zamani, bado nzuri upande uliokuwa chini ya meza. Nilikata mbao mpya za milango kwa tripleksi, zile mbao nyembamba za tabaka, nikazivika skayi nyekundu, nikatoboa matundu ya vishikizo sawasawa na yale ya zamani, nikazibana. Nilishona hema kwa turubai nyeusi, mshono juu ya mshono, lisipitishe tone. Papa Fundi alipita, akapapasa, akasema, “Iko sawa.” Miaka yote ile, kwangu alisema hilo tu: iko sawa. Nilidhani ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, kwamba mzee wa reli hana nyingine.

Sasa nilimsikia akiwaita watu barabarani. “Njoo uangalie. Njoo uone mukono wa mutoto huyu.” Mafundi wa baiskeli walikuja, mwalimu wa shule ya jirani alikuja, mama muuza maandazi alikuja na beseni lake kichwani, wakainama juu ya kiti, wakapitisha vidole. Halafu walitoka wakiruka miguu yangu iliyochomoza mlangoni mwa gari.

“Yaya yake pia anajua kidogo,” mama wa maandazi alisema.

Kidogo.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Wadogo wetu walimzunguka kumuuliza gari linaenda mbio namna gani, kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa. Nilimpa kichwa cha samaki kwa sababu nilikuwa nimezoea kumpa, na nilikerwa kumwona anakila vizuri. Asubuhi nilipofika kutia mafuta nilikuta kigoda kimepandishwa, maana alikuwa na miguu mirefu kuliko Papa Fundi. Nilikaa juu yake mara moja, atelie ikiwa tupu. Miguu yangu haikugusa kanyagio. Nikashuka, nikaendelea na kopo langu la mafuta.

Kabla viti havijafungwa ndani ya gari aliitwa kazini: kufundisha shule huko Nyunzu, mbali na ziwa. Tulipata habari mchana, naye akaleta chakula changu kama kawaida na habari hiyo juu yake. Nilikuwa chini ya tablo ya gari, pale mbele ya usukani, mgongo sakafuni, nikipachika ukingo wa moketi, kwa hiyo Papa Fundi hakuniona alipomwambia:

“Baki, mutoto. Umeshashona. Mashine ni yako, nilisema mbele ya watu.”

“Papa, aksanti sana,” mdogo wangu alisema. “Lakini mimi naenda Nyunzu. Yaya yuko.”

“Yuko, ndiyo.”

“Basi.”

Yaya yuko. Alilisema kama unavyosema mlango uko, mlango utafungwa na mtu mwingine. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimeshindana naye wiki zote zile, kwa macho, kwa pumzi, kwa kila kishikizo nilichobana, na yeye hakujua kwamba kuna mashindano. Kile nilichokitamani tangu usichana wangu kilimpitia mkononi kama mpira wa watoto: ameurekebisha, ameurudisha, ameendelea na safari.

Nilibaki chini ya tablo mpaka gundi ilipokauka.

Bibi harusi alitua, na Sitwayeni hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Alimleta kwetu kwanza, mchana wa jua kali, hema likiwa limefungwa ili alione. Alitaka amwonyeshe mafundi. Tulikuwa tumesimama mlangoni tukiwa tumenawa: Papa Fundi katikati, mdogo wangu kulia kwake, mimi nyuma kidogo. Gari lilikuwa zuri. Sitasema uongo kwa sababu ya wivu: viti vile viwili vyekundu vilikuwa vimekaa ndani kama midomo inayotabasamu.

Bibi alifungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa. Alitoka na kitambaa puani. Aliuliza kwa Kilingala, nasi tulielewa, maana kilikuwa lugha ya askari na kila mtu alijua cha kumtosha.

“Samaki mumeweka wapi?”

“Samaki gani?” alisema mumewe.

“Ndani ya gari. Iko samaki ndani.”

Sitwayeni akainua moketi yangu. Akafungua sanduku la nyuma. Papa Fundi akaingiza kichwa chake chote ndani, akavuta pumzi ndefu, akatoka. “Mimi sisikii kitu.”

“Na mimi,” alisema Sitwayeni.

Niliingia nikaweka pua kwenye mifereji ya kiti. Nilisikia ngozi. Nilisikia gundi, na jua. Wale mafundi wa baiskeli nao walikuja kunusa mmoja baada ya mwingine, wakatikisa kichwa, wakamtazama mgeni kwa huruma kama mtu aliyeumizwa na safari ya ndege. Mmoja akamwambia kwa upole, “Mama, utazoea,” na ndipo bibi akaanza kulia.

Mdogo wangu ndiye aliyepiga magoti, akafunika uso wake kabisa kwenye kiti alichokishona, akakaa hivyo. Mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia na yeye. Aliinua uso na alikuwa anacheka mpaka machozi.

“Depo,” alisema. “Papa, ngozi ililala depo.”

Ngozi ile ilikuwa imelala mvua zote zilizobaki juu ya magunia ya ndagala, ikinywa. Na sisi tuliikata, tukaivuta, tukaipulizia, mdogo wangu aliilaza mapajani siku kutwa, mji mzima ulikuja kuipapasa, na hakuna pua hata moja ya Kalemie iliyosema neno. Kwetu ile haikuwa harufu. Ilikuwa hewa. Ilihitajika mtu ashuke kutoka angani aje kutuambia.

Sitwayeni alitazama gari, akatazama kuelekea bandarini. “Depo ni yangu,” alisema, “ndagala ni yangu. Nimukasirikie nani sasa?” Kisha akauliza, “Na hii ya milango, haina kitu?”

Bibi alinusa mlango akiwa mbali kidogo. “Hii hapana.”

“Ni skayi,” alisema Papa Fundi.

“Basi munifanyie viti na skayi. Mwenye alifanya milango afanye.”

Wote walinigeukia tena, kama siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimeingoja zamu hii, na sasa imekuja, na mtu niliyetaka aione alikuwa chini ameshikilia tumbo anacheka. Wala hakuona aibu. Alinipiga bega. “Yaya, umeponea. Mimi wangenizika na ndagala.” Nilitamani aumie kidogo. Hata kidogo tu, ili ushindi wangu uwe na mahali pa kukaa.

Alipanda treni ya Nyunzu kabla sijaanza. Papa Fundi aliniketisha mbele ya mashine asubuhi moja. Mafundi wa baiskeli walikuwapo, soda ilinywewa. Alishusha kigoda mwenyewe, mpaka miguu yangu ikafika. “Iko sawa?” aliuliza. Nikasema iko sawa.

Lakini ili nipate kipimo cha skayi ilinibidi kwanza kuvua ngozi ya mdogo wangu na kuifumua kipande kwa kipande. Nilianza na kiti cha abiria, kwa wembe, mshono baada ya mshono. Nadhani hapo ndipo nilipomjua. Unaweza kuishi na mtu, ukamfulia, ukamnyima au kumpa kichwa cha samaki, usimjue kama unavyomjua ukifumua mshono wake. Kila tundu lilikuwa umbali uleule na mwenzake. Kwenye kona alikuwa amekata ngozi ya ndani vijipande vidogo kama meno ya mtoto, ili paspoli igeuke bila kukunjika, jambo ambalo Papa Fundi hakuwahi kunionyesha na nina hakika hakulijua. Nililinakili. Viti vyangu vya skayi vilitoka vizuri, na bibi akakaa, na gari likapita mjini na hema chini. Kila aliyevisifu alisifu kona zake.

Papa Fundi alirudi Moba akiongozwa kwa mkono. Mashine ilibaki kwangu. Nimeshona juu yake miaka, wadogo wamesoma kwa mguu wangu, nimeshona mpaka skayi yenyewe ilipokuwa haifiki tena mjini na tukashona kwa magunia.

Kiti cha dereva sikukifumua. Sikuhitaji, vipimo ni vilevile. Nilichukua ngozi yake nzima, nikamwomba seremala kigoda chenye mgongo, nikaijaza pamba upya, na ndicho kiti cha wageni nyumbani kwangu. Mdogo wangu alikuja likizo fulani na mke wake, mtu wa huko ndani, wa mashamba. Alikikalia, akapitisha kidole kwenye mifereji.

“Yaya, kazi safi hii. Ulishona lini?”

“Ni wewe.”

“Mimi?” Alicheka. “Yaya anapenda utani. Mimi na sindano wapi na wapi.”

Nilimkumbusha gari, bibi harusi, depo. Ndagala aliikumbuka, akamsimulia mke wake kwa mikono yote miwili. Kushona hakukumbuka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa ananiletea chakula. Mke wake alicheka kwa adabu, kisha akahamia kwenye mkeka, karibu na mlango, penye upepo. Mimi mpaka leo sisikii kitu.

Kila mwaka, mvua zikiisha, nakitoa kiti kile juani nakifuta. Ninakigeuza, ninafuata paspoli yote kwa ukucha, kona kwa kona, nikitafuta mshono ulioachia. Bado sijaupata.